Kulala bandarini au kukesha baharini: kupanga safari ya mwambao kwa mashua iliyokarabatiwa

Chukua safari ya maili 120 za baharini kufuata mwambao. Mashua ina urefu wa mita 7, mita 6 kati yake ndizo zinazokaa majini, na ndiyo kwanza imeteremka chelezoni: mbao kadhaa za ubavu zimebadilishwa, imekalafatiwa upya (nyufa kati ya mbao zimezibwa kwa nyuzi), nyaya za mlingoti ni mpya, injini ndogo ya dizeli imefunguliwa ikafungwa. Safari hiyo inafanyika kwa namna mbili. Unaikata vipande vitano vya maili 24 na kutia nanga kila siku kabla ya jua kuzama, au unang'oa nanga mara moja na kukesha njiani hadi ufike.

Mazoea husema mchana ni salama na usiku ni hatari. Kwa mashua iliyotoka kukarabatiwa maswali ya maana ni mengine. Nini ndani yake hakijapigwa na wimbi bado? Na ukiwa pale ulipo, bandari gani unaweza kuingia kwa upepo unaovuma sasa hivi? Mpango usiojibu hayo mawili ni mbovu, uwe wa mchana au wa usiku.

| | Vipande vya mchana | Kukesha njiani |
|---|---|---|
| Muda | siku 5, zaidi hewa ikichafuka | saa 24 hadi 40 mfululizo |
| Kuingia na kutoka bandarini | mara 10 | mara 2 |
| Watu | mmoja anaweza | wawili ndio wa chini kabisa, watatu ni bora |
| Utabiri wa hali ya hewa | wa saa 12, mpya kila alfajiri | saa 48 za hewa tulivu |
| Umeme | kidogo | karibu Ah (ampea-saa) 30 kwa usiku mmoja |
| Kitu kikiharibika | nchi kavu iko karibu, na mwamba pia | kuna nafasi ya kuhangaika, msaada uko mbali |

Hesabu ya kasi na saa

Kasi ya juu ya chombo kizito hupatikana kwa kuzidisha 2.43 na mzizi wa pili wa urefu unaokaa majini, kwa mita. Kwa mita 6 jibu ni karibu noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa. Hiyo ni dari, wala si kasi ya kupangia safari. Panga kwa noti 4, kisha rudia hesabu kwa 3 na kwa 5.

Ukikesha, maili 120 kwa noti 5 ni saa 24, kwa noti 4 ni saa 30, kwa noti 3 ni saa 40. Ukiondoka saa 12 asubuhi, mwendo wa kasi unakufikisha saa 12 asubuhi ya kesho yake, wa kawaida unakufikisha saa 6 mchana, na wa pole saa 4 usiku. Mawili kati ya matatu ni mchana, na la tatu lina dawa: unabaki nje, tanga limepunguzwa, hadi kupambazuke. Sasa jaribu kuondoka saa 6 mchana. Noti 4 zinakufikisha magharibi, mwanga unakwisha na jua liko machoni, na hapo ndipo watu hulazimisha kuingia. Kwa hiyo anza na saa ya kufika, urudi nyuma kutafuta saa ya kuondoka.

Kwa vipande vya mchana, maili 24 kwa noti 4 ni saa 6. Upepo ukiwa wa omo, yaani wa mbele, hesabu inabadilika kabisa, maana kubisha (kwenda kombokombo dhidi ya upepo) huongeza njia. Chombo kinachokwenda digrii 45 kila upande wa upepo husafiri maili 1.4 kwa kila maili 1 ya kusonga mbele, na ukiongeza kusukumwa kando weka 1.5. Maili 24 zinakuwa 36, na kwa noti 3.5 ni saa 10 na dakika 20. Ukiondoka saa 12 asubuhi unafika saa 10 na dakika 20 jioni, mwanga bado upo lakini hauna akiba. Kipande cha maili 30 kwa upepo huohuo ni karibu saa 13, yaani umekesha bila kujiandaa kukesha. Ndiyo maana ya kikomo cha maili 24.

Mkondo nao uingize kwenye hesabu mapema. Mkondo wa noti 2 unaifanya mashua ya noti 4 iende 6 au 2, na maili 24 zilezile zinakuwa saa 4 au saa 12. Upepo ukipambana na mkondo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, hata kama upepo wenyewe ni wa kawaida. Heri kuchelewa saa 2 bandarini ukisubiri mkondo ugeuke.

Yanayojitokeza kwenye mashua iliyofufuliwa

Hapa ndipo kura yetu huanza kuelemea vipande vya mchana, angalau mwanzoni mwa safari.

Tatizo la kwanza kwa ukubwa ni tangi la mafuta, hata injini iwe imesafishwa vizuri namna gani. Tangi lililokaa miaka bila kutumika hushika tope jeusi chini, na maji yaliyotokana na umande wa ndani yake. Mashua ikifungwa gatini tope hutulia, injini huwaka vizuri, kila mtu huridhika. Mawimbi ya kwanza makali hulikoroga likapanda hadi kwenye kichujio. Dalili ni mlio: injini hupanda na kushuka yenyewe kama mtu anayehema, kisha huzima. Na kwa kuwa mawimbi makali mara nyingi yako mlangoni mwa bandari, huzima hapohapo, miamba ikiwa pande mbili. Jaribio lake ni rahisi. Jaza tangi nusu ili mafuta yapate nafasi ya kuchezacheza, toka nje siku yenye mawimbi, endesha injini saa 2, kisha angalia kikombe cha kioo chini ya kichujio. Mafuta safi yanapitisha mwanga. Maji hukaa chini kama tone la kioo lenye mpaka wake. Tope huonekana kama nyuzi nyeusi zinazoelea. Ukiona nyuzi, tangi lifunguliwe lisuguliwe, kwa sababu kubadilisha kichujio peke yake ni kuahirisha tu. Beba vichujio vitatu vya akiba, na ujifunze kutoa hewa kwenye mfumo: legeza skrubu ya juu ya kichujio, piga kipini cha pampu ya mkono hadi mafuta yatoke bila mapovu, kaza. Fanya zoezi hilo ukiwa umetia nanga, mara mbili, ya pili gizani kwa tochi ya kichwani.

La pili ni maungio ya mbao. Mbao zilizokauka chelezoni husinyaa, na siku za kwanza majini chombo huvuja hadi zivimbe. Hilo ni jambo la kawaida, usiliogope. La kuogopa ni uvujaji unaoongezeka chombo kinapobisha, kwa sababu hapo mlingoti unasukuma mkuku (uti wa chini wa chombo) chini huku nyaya zikivuta mbavu juu, na mbao ya kwanza kutoka mkukuni hufunguka ikatema kalafati. Pima kwa kuhesabu vipigo vya pampu ya mkono kila saa na kuviandika. Vipigo 10 ukiwa nangani na 15 ukibisha, endelea. Vipigo 10 nangani na 60 ukibisha, rudi. Kwa mashua ya faiba mahali pa kutazama ni pale sitaha inapoungana na ubavu, kingo za madirisha, na boliti za mkuku: kutu nyekundu inayotiririka kuzunguka boliti ni ishara kwamba maji yamo ndani.

Pampu zenyewe huzibwa na ukarabati. Takataka za randa, unga wa msasa, vipande vya rangi na nyuzi za kalafati hujificha nyuma ya mataruma (mbavu za ndani), na chombo kikilala kwa tanga hushuka ngamani, chini kabisa ya chombo, zote kwa pamoja. Mwaga ndoo kadhaa za maji ndani, pampu, safisha, rudia hadi maji yatoke meupe. Kila tundu lililo chini ya maji lifungiwe kizibo cha mti laini kando ya vali yake kwa kamba. Tundu la milimita 25 lililo nusu mita chini ya usawa wa maji huingiza zaidi ya lita 50 kwa dakika, na hakuna mkono wa mtu mmoja unaoshindana na kasi hiyo kwa muda mrefu.

Nyaya mpya za mlingoti hurefuka kidogo zikibeba mzigo. Baada ya saa chache za upepo wa noti 12 hadi 15, zile za upande wa demani (usiopigwa na upepo) zikining'inia na kuyumba, zikaze upya pande zote mbili kwa kiasi sawa ukiwa umetulia nangani, na uhakikishe pini za kuzuia skrubu zisijifungue zimerudishwa. Pini moja iliyosahauliwa inatosha kuangusha mlingoti.

Yote haya hujitokeza ndani ya saa 20 za kwanza za kazi halisi. Katika vipande vya mchana, saa hizo zinaishia katika bandari tatu ambako unaweza kufungua, kukaza na kukausha. Ukikesha zinaishia saa 8 usiku, maili 8 kutoka nchi kavu.

Mlangoni

Sasa upande wa pili wa mizani. Maji yenye kina hayavunji mashua ndogo iliyo nzima, ila fungu la mchanga, mwamba na mlango mwembamba huweza. Anayelala bandarini kila siku anapita hapo mara 10, anayekesha mara 2. Mwambao wenye ghuba pana zenye kina unasamehe. Mwambao ambao kila bandari ni mto wenye fungu mdomoni unadai upite maji yakiwa yamejaa au yanaendelea kujaa, maana maji yanayopwa yakitoka mtoni na kukutana na wimbi la bahari huvunjika mlango mzima.

Hapo mpango wa siku tano una mtego. Maji kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Ukianza safari siku ambayo maji yanajaa saa 7 mchana, wakati mzuri kabisa wa kufika, siku ya tano yanajaa baada ya saa 10 jioni. Ukipoteza siku mbili kwa hewa mbaya yanajaa magharibi, na maji yaliyojaa saa 12 kabla yake ni ya alfajiri ambapo bado hujang'oa nanga. Andika jedwali la siku 8, si la siku 5, na uone siku ipi mlango unakufungia. Tazama pia bamvua: siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa sana na kupwa sana, mikondo huwa mikali, na fungu ulilolipita wiki iliyopita kwa raha linaweza kuwa wazi.

Kwa kina cha saa fulani tumia sehemu za kumi na mbili: maji hupanda sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1 katika saa sita. Tofauti ya kujaa na kupwa ikiwa mita 3.6, saa ya kwanza yanapanda mita 0.3, ya pili 0.6, ya tatu 0.9. Saa 2 baada ya kupwa kabisa una mita 0.9 tu za nyongeza, na watu wengi wamekwama kwa kudhani wana theluthi nzima.

Kutia nanga usiku tano kuna hesabu yake. Kina wakati wa kupwa mita 4, maji yatapanda mita 3, omo ya mashua iko mita 1 juu ya maji: jumla 8. Kwa amari ya kamba yenye kipande cha mnyororo zidisha kwa 7, mita 56. Anayepima kina cha wakati ule tu hutoa mita 28, na saa 9 usiku nanga inaanza kukokota. Nanga ya kilo 8 hadi 10, mnyororo mita 10 na amari mita 50 vinatosha kwa ukubwa huu wa mashua, mradi mwisho wa amari umefungwa chomboni.

Usiku unadai nini

Kwanza macho. Jicho lililo mita 2 juu ya maji linaona upeo wa maili 3 hivi. Meli ya noti 18 inamaliza maili 3 kwa dakika 10. Kwa hiyo mlinzi anazungusha macho pande zote kila baada ya dakika chache, na kamwe haachi dakika 10 zipite. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 zinaruhusu mashua ya tanga isiyofikia mita 20 kutumia taa moja ya rangi tatu kileleni mwa mlingoti, lakini ukiwasha injini umekuwa chombo cha injini na taa hiyo haifai tena: unahitaji za ubavuni, ya nyuma na nyeupe ya mlingotini. Mashua nyingi zilizokarabatiwa zina seti moja tu. Angalia kabla.

Pili umeme. Taa ya zamani ya balbu ya wati 25 hula karibu Ah 23 kwa usiku wa saa 11. Ongeza skrini ya GPS Ah 9, redio ya VHF Ah 4, kifaa cha kushika usukani Ah 16: jumla 52. Betri ya risasi ya Ah 80 haipaswi kushushwa chini ya nusu, yaani Ah 40, kwa hiyo umepungukiwa kabla ya alfajiri. Badilisha balbu kwa taa ya LED ya wati 3 na jumla inashuka hadi 32. Ni kazi ya dakika 20, na ndiyo inayoamua kama mpango wa usiku unawezekana.

Tatu ni watu. Wawili wakipokezana zamu za saa 3, kila mmoja hulala kwa kweli saa 4 au 5 katika safari nzima, tena kama hajashikwa na kichefuchefu, ambacho hupendelea siku ya kwanza. Anayekaa nje peke yake usiku awe amejifunga mkanda kwenye kamba ya sitaha muda wote, hata bahari ikiwa shwari. Mtu akianguka usiku, mashua ya noti 4 inamwacha mita 120 nyuma kwa dakika moja.

Hata hivyo usiku una zawadi yake. Upepo wa baharini unaoanza kabla ya adhuhuri na kupamba moto alasiri hufa magharibi, na karibu na nchi kavu pepo za usiku huwa hafifu. Kama safari yako yote ni ya kubisha, kukesha kunakupa saa nyingi za bahari iliyotulia kusonga mbele kwa injini, na rasi ambazo alasiri zina upepo mkali na mikondo iliyochanganyikana unazipita alfajiri kwa upole.

Jambo moja husahaulika na wanaokesha: kurudi. Upepo ukiwa wa tezi, yaani wa nyuma, unakwenda noti 5, na kurudi kwa kubisha labda unapata maendeleo ya noti 2.5. Mahali ambapo kwenda na kurudi vinachukua muda sawa ni maili 40 tangu ulipotoka, wala si 60. Ukishapita hapo, tatizo lolote linatatuliwa mbele. Lichore kwenye ramani. Kila bandari njiani ipe rangi: ya kijani inaingilika kwa hali zote, ya njano kwa maji au upepo fulani, nyekundu isikaribiwe upepo ukivuma kutoka baharini.

Tungechagua hivi

Ukiwa peke yako, au mashua haijabisha saa 5 mfululizo kwa upepo wa noti 15 huku vipigo vya pampu vikibaki palepale, chukua vipande vya mchana bila kusita. Ukikutana na pengo la zaidi ya maili 30 lisilo na bandari ya kijani, usilivuke kwa matumaini ya upepo mzuri. Lihesabu kama safari ya kukesha na ulipange hivyo.

Kukesha kunashinda pale milango mingi ikiwa ya njano au nyekundu, watu ni wawili au watatu wenye afya, utabiri unaonyesha saa 48 zisizozidi noti 16, na umeme umehesabiwa. Mwanga wa mwezi unasaidia, ila kumbuka kwamba mwezi mpevu unakuja na bamvua.

Kwa safari hii ya maili 120 tungechanganya: vipande viwili vya mchana kwanza, siku nzima ya kufungua na kukaza katika bandari ya pili, kisha maili 72 zilizobaki kwa mkupuo. Kwa noti 4 ni saa 18, kwa 5 ni saa 14 na nusu, kwa 3 ni saa 24. Ukiondoka saa 10 jioni unafika kati ya saa 12 na nusu asubuhi na saa 10 jioni ya kesho yake, mwendo wowote uliopata.

Mtu wa nchi kavu aachiwe karatasi yenye jina na rangi ya mashua, idadi ya watu, bandari za njiani na saa mbili: ya kutarajiwa na ya kupiga simu kwa waokoaji. Ukiondoka Jumatano saa 10 jioni, ya kwanza ni Alhamisi saa 4 asubuhi. Ya pili ipime kwa mwendo wa pole pamoja na usiku mmoja wa kusubiri nje: Ijumaa saa 3 asubuhi. Na ukishatia nanga, mpigie kabla hujakunja tanga.